Kukunja Si Kukunjamana

Bi Siwatu, karani mstaafu wa Posta,
alinijia Jumatatu na begi tupu la magurudumu
na madera sita begani.
"Nasafiri na meli ya kitalii," akasema,
kama mtu anayekiri deni.
Mwanawe wa kwanza kalipa. Siku tisa:
Komoro, Nosibe, Morisi,
na kisiwa kingine alichokisoma kwenye karatasi,
akakwama, akacheka.
"Ila pasi, Idarusi, huko ni marufuku.
Wanaogopa moto."

Basi nikaiweka pembeni pasi yangu ya mkaa
nikamfundisha, hapo hapo kibarazani, Ilala Bungoni,
ambapo umeme hukatika
katikati ya mguu mmoja wa suruali.

Kukunja, Bi Siwatu, si kukunjamana.
Nguo haichukii kukunjwa, huchukia kulazimishwa.
Usiipige nne kama barua ya serikali.
Izungushe kama mkeka, toa hewa kwa kiganja,
na ndani ya kila mkono weka gazeti,
la zamani; wino wa leo huchafua.
La hariri likae juu.
La pamba nzito chini, libebe dhambi za wenziwe.
Usilijaze begi hadi zipu ilie,
wala usiliachie nafasi, nguo zikatembea.
Ukifika, tundika. Kabla hata ya maji ya kunywa, tundika.
Kisha fungua bomba la moto bafuni, funga mlango,
uache mvuke ufanye kazi ya Idarusi.

Aliandika kila neno nyuma ya risiti,
kwa ule mwandiko wa Posta
ulionyooka kuliko kola yoyote niliyowahi kupiga.

Siku tisa napiga mashati ya watu wa benki
nalifikiria lile begi. Si yeye. Begi.
Usiku mmoja mvua ilishuka Bungoni, nikaamka,
nikahesabu gizani: la hariri, la samawati,
la maua ya mkorosho,
bahari inayumba, gazeti litateleza...

Karudi Alhamisi.
Akalifungulia begi juu ya meza yangu.
Madera matano yamelala vile vile nilivyoyazungusha,
gazeti mikononi, tarehe ile ile.
Mkunjo hata mmoja.
Kazi safi. Nikajisikia kama mpishi
aliyerudishiwa sufuria limejaa.

"Niliogopa kuyaharibu," akasema.
"Yalivyokuwa mazuri humo."

La sita ndilo lililonishtua.
Lile la pamba, la kijani, la chini kabisa.
Limekunjamana kama uso wa mtoto aliyeachishwa ziwa.
Magotini, alama ya kukaa sakafuni.
Kiwiko kimoja kimeonja mchuzi.
Mgongoni chumvi, mstari mmoja mrefu wa chumvi,
pale mtu alipoegemea chuma usiku kucha.
Siku tisa, dera moja!

Nikamtazama. Uso wake mkunjufu.
Kumbe neno ni hilo hilo.
Miaka thelathini na moja nanyoosha nguo za Dar es Salaam
na sikuwahi kuliwaza.

Dobi huanza na mifuko, ndiyo sheria.
Alipokwisha kwenda nikatia mkono:
leso ya karatasi, ya melini,
imepigwa nne, pembe kwa pembe,
ukucha umepitishwa kila ukingo.
Bi Siwatu anavyokunja nakujua, nimemfundisha mwenyewe.
Huu si mkono wake.

Sikuifungua.
Nimeirudisha begini, chini ya yale madera matano
ambayo sitamtoza hata senti.

La kijani nimeliloweka asubuhi hii.
Limekauka tangu adhuhuri, liko kambani,
na pasi bado baridi.
Mkaa upo.
Sina haraka tu.